Sauti ya muziki inapopanda na kushuka kwenye tarakilishi: chanzo na tiba

KATIKA vibanda vya vinyozi Changamwe, madukani Likoni na kwenye arusi za Kisauni, tarakilishi iliyounganishwa na mtandao imechukua mahali pa redio ya kaseti. Mwenye mtambo huchagua wimbo nao humfikia papo hapo, bila ya kanda wala santuri. Hata hivyo, urahisi huo umekuja na kero yake: sauti haitulii. Wimbo mmoja husikika kama unatoka nyumba ya pili, na ule unaoufuata hunguruma hadi madirisha yakatetemeka. Wakati mwingine wimbo huo huo hushuka ghafla katikati ya ubeti, kisha hupanda tena ilhali hakuna aliyegusa kitu.

Kero hii ina gharama. Wako wanaonunua spika mpya au kuhama kutoka kampuni moja ya intaneti hadi nyingine, na tatizo likabaki pale pale kwa sababu chanzo hakikuwa huko. Wako pia wanaozoea kupandisha sauti ili wausikie wimbo ulio chini, kisha wimbo unaofuata ukawapasua masikio. Kwa anayechezesha muziki wa kulipwa, mshindo mmoja wa ghafla usiku unaweza kumharibia kazi na hata kumgombanisha na mtaa mzima.

Ukweli ni kwamba kupanda na kushuka kwa sauti si maradhi mamoja, bali ni dalili ya maradhi kadhaa. Kila moja lina wakati wake wa kujitokeza, na wakati huo ndio unaomwonyesha msikilizaji pa kuanzia. Aghalabu tiba yake haigharimu hata shilingi moja.

Aina tatu za tatizo

Aina ya kwanza ni ile ambayo sauti hubadilika wimbo mmoja unapoisha na mwingine kuanza. Ndani ya wimbo wenyewe hakuna kasoro. Hapa lawama iko kwenye namna nyimbo zilivyorekodiwa na kupakiwa mtandaoni.

Aina ya pili ni ile ambayo sauti hushuka na kupanda ndani ya wimbo mmoja, kwa ulaini, kana kwamba kuna mkono usioonekana unaoitawala. Mara nyingi hutokea ujumbe unapoingia, simu ya mtandao inapopigwa au ngoma nzito inapoanza kupigwa. Hapa lawama iko kwenye mipangilio ya tarakilishi.

Aina ya tatu huja na mikwaruzo. Sauti hukatika upande mmoja, hurudi waya unapoguswa, au hubadilika umeme unapobadilika. Hapa lawama iko kwenye vifaa: waya, pini, tundu la kuchomekea, spika au amplifaya.

Majaribio matatu mepesi hutosha kuzitenganisha aina hizi. La kwanza ni kuurudia wimbo uliobadilika. Ikiwa sauti inashuka tena mahali pale pale, basi ndivyo ulivyorekodiwa. Ikiwa inashuka mahali pengine, mtambo ndio wenye neno. La pili ni kucheza wimbo uliohifadhiwa ndani ya tarakilishi huku mtandao ukiwa umezimwa. Sauti ikiendelea kuyumba, mtandao hauna hatia. La tatu ni kuchomoa spika na kutumia visikizio vya masikioni. Kero ikitoweka, chanzo kiko kwenye spika au waya wake.

Mtandao husingiziwa

Mshukiwa wa kwanza wa watu wengi ni intaneti. Mombasa ina historia yake katika jambo hili, kwani ndiko kebo za chini ya bahari zilikofikia zilipoanza kuiunganisha Kenya na dunia. Kebo ya TEAMS iliyotandazwa kutoka Fujairah katika Milki za Kiarabu ilifika Mombasa mwezi Juni 2009. SEACOM ilianza kazi Julai mwaka huo huo, na EASSy ikafuata mwaka 2010. Kabla ya hapo nchi ilitegemea setilaiti, na kusikiliza muziki moja kwa moja kutoka mtandaoni lilikuwa jambo la wachache.

Kebo hizo nazo hupata ajali. Februari 2012, TEAMS ilikatika baada ya meli kutia nanga karibu na bandari ya Mombasa. Mwezi Mei 2024, EASSy na SEACOM zilikatika kwa wakati mmoja upande wa kusini, na mawasiliano yakazorota katika nchi kadhaa za Afrika Mashariki. Siku kama hizo wimbo hukwama. Lakini kukwama si kushuka kwa sauti, na tofauti hiyo ni muhimu kuielewa.

Wimbo unaosafiri mtandaoni hukatwa vipande vidogo vidogo vya namba. Namba hizo ndizo zinazobeba ukubwa wa sauti. Tarakilishi hupokea vipande kadhaa mapema na kuviweka akiba, kisha huvicheza kwa mpangilio. Mtandao ukipungua kasi, akiba huisha na wimbo hunyamaza hadi vipande vingine viwasili. Baadhi ya huduma huchagua njia nyingine: hupunguza ubora ili wimbo uendelee. Msikilizaji huhisi kwamba matoazi na matari yamefifia au yana mvumo kama wa maji. Hata hivyo, ukubwa wa sauti hubaki karibu ule ule.

Kwa hiyo, anayesumbuliwa na kukatika-katika ana sababu ya kuulaumu mtandao, na dawa yake ni kupunguza ubora kwenye mipangilio ya huduma anayoitumia. Wimbo unaotumwa kwa kilobiti 160 kwa sekunde hutumia takriban megabaiti 72 kwa saa. Ukishushwa hadi kilobiti 96, hutumia takriban megabaiti 43. Anayesumbuliwa na sauti inayopanda na kushuka hana haja ya kununua kifurushi kikubwa zaidi. Kikulacho ki nguoni mwako: tatizo lake liko ndani ya mtambo au ndani ya nyimbo zenyewe.

Nyimbo hazikurekodiwa kwa kipimo kimoja

Msikilizaji wa pwani anakabiliwa na tatizo la aina ya kwanza kuliko wengi, kwa kuwa nyimbo azipendazo zimepitia zama nyingi za kurekodi. Siti binti Saad wa Zanzibar alirekodi huko Bombay mwaka 1928, enzi za santuri. Mjini Mombasa, lebo ya Mzuri ya duka la Assanand ilitoa santuri za waimbaji wa taarabu, na baadaye kanda za kaseti zikawafikisha kina Juma Bhalo, Zuhura Swaleh na Maulidi Juma katika kila nyumba. Kutoka Frere Town, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 kwa ajili ya watumwa walioachiwa huru, Joseph Ngala aliukuza muziki wa bango na saksafoni yake.

Sehemu kubwa ya hazina hiyo imeingia mtandaoni kupitia kaseti kuukuu zilizonakiliwa na wapenzi wa muziki, kila mmoja kwa mtambo wake na kwa kipimo chake. Ndiyo maana nyimbo mbili za mwimbaji yule yule huweza kutofautiana sana kwa ukubwa wa sauti.

Upande wa pili wako watayarishaji wa kisasa. Muziki wa kidijitali, uliofika sokoni kwa sahani za CD mwaka 1982, una dari yake: kuna namba ya juu kabisa ambayo sauti haiwezi kuipita. Watayarishaji waligundua kwamba wimbo unaweza kusikika mkubwa zaidi bila ya kuivuka dari hiyo, endapo sehemu zake za chini zitainuliwa na vilele vyake kukatwa. Kuanzia miaka ya 1990 mashindano ya kufanya nyimbo ziwe kubwa yalishamiri duniani, kwani wimbo mkubwa huvutia sikio haraka. Mashindano hayo yalilalamikiwa sana mwaka 2008 kundi la Metallica lilipotoa albamu ya Death Magnetic, ambayo mashabiki waliona imebanwa mno.

Basi mtu anapoweka taarabu ya kaseti ifuatwe na wimbo wa kizazi kipya kutoka Nairobi au Dar es Salaam, tofauti huweza kufikia desibeli 10 au zaidi. Sikio la binadamu huhesabu ongezeko la desibeli 10 kama sauti iliyozidi takriban maradufu. Hakuna kilichoharibika. Ni mitambo ya zama mbili tofauti iliyokutanishwa katika orodha moja.

Kusawazisha na kubana

Dawa ya tofauti hiyo ilianza kupatikana mwaka 2006, Shirika la Kimataifa la Mawasiliano ya Simu, ITU, lilipochapisha kanuni ya kupima ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, badala ya kutazama vilele tu. Kipimo chake huitwa LUFS. Marekani ilitunga sheria mwaka 2010, ikaanza kutumika Desemba 2012, kuyazuia matangazo ya biashara kwenye televisheni yasiwe makubwa kuliko vipindi. Huduma za muziki mtandaoni nazo zikaukumbatia utaratibu huo wa upimaji.

Spotify, iliyofungua huduma zake nchini Kenya Februari 2021, hulenga LUFS 14 chini ya dari. Programu yake hupima kila wimbo, ikashusha ulio mkubwa na kuinua ulio mdogo. Mtumiaji na afungue mipangilio, ahakikishe "Normalize volume" imewashwa, kisha achague kiwango cha "Normal". Kwa miaka mingi usawazishaji huu ulifanya kazi katika programu iliyowekwa ndani ya tarakilishi, wala si katika ukurasa wa kisakuzi. Kwa sababu hiyo, anayesikiliza kupitia kisakuzi na kusumbuliwa na kero hii ajaribu kuiweka programu yenyewe. Wanaotumia programu ya muziki ya Apple watafute "Sound Check" katika mipangilio ya uchezaji.

YouTube ina desturi tofauti. Hushusha nyimbo zilizo kubwa, lakini kwa kawaida haiinui zilizo ndogo. Hapo ndipo taarabu kongwe hubaki nyuma. Anayetaka kuhakikisha abonyeze kitufe cha kulia cha kipanya juu ya video, achague "Stats for nerds", kisha asome namba ya ukubwa wa sauti. Namba ikiwa juu ya sifuri, wimbo ni mkubwa na umeshushwa kwa desibeli hizo. Ikiwa na alama ya kutoa mbele yake, wimbo ni mdogo na umeachwa ulivyo. Tangu mwaka 2023 YouTube imeongeza pia chaguo la "Stable volume" chini ya alama ya gurudumu lenye meno, ambalo hupunguza tofauti kati ya sehemu kubwa na ndogo.

Hapa panahitajika tahadhari, kwani mambo mawili huchanganywa. Kusawazisha ni kuushusha au kuuinua wimbo mzima kwa kipimo kimoja, tangu mwanzo hadi mwisho. Umbo la wimbo halibadiliki. Kubana ni kubadilisha sauti ndani ya wimbo wakati unapochezwa: palipo chini huinuliwa na palipo juu hukandamizwa. Kubana hufaa kwa hotuba, mihadhara na filamu zinazotazamwa usiku watoto wakiwa wamelala. Kwa muziki huwa na hasara. Taarabu huanza kwa ala peke yake, udi au taishokoto, kisha mwimbaji akaingia taratibu na kibwagizo kikapanda. Ikibanwa, utangulizi huwa mkubwa sawa na kibwagizo, na kila ngoma inapopigwa sauti ya mwimbaji huzama kidogo kisha huibuka. Wakati mwingine kero anayoilalamikia msikilizaji ni matokeo ya dawa aliyojiwekea mwenyewe.

Kwa ufupi, kwa muziki kusawazisha kuanze. Kubana kubaki kwa mazungumzo.

Tarakilishi inapojishusha yenyewe

Aina ya pili ya tatizo huwashangaza wengi, kwa kuwa hakuna kilichovunjika. Katika mfumo wa Windows upo mpangilio unaotambua simu ya mtandao na kuzishusha sauti nyingine zote ili mazungumzo yasikike. Kwa kawaida mfumo huja ukiwa umepangwa kuzishusha kwa asilimia 80. Programu ya mawasiliano iliyo wazi nyuma ya pazia, hata kama hakuna anayezungumza, huweza kuuamsha mpangilio huo.

Njia ya kuuondoa ni fupi. Mtumiaji abonyeze kitufe chenye nembo ya Windows pamoja na herufi R, aandike mmsys.cpl, kisha aingie. Katika kidirisha kitakachofunguka achague ukurasa wa "Communications", aweke alama kwenye "Do nothing", na kuthibitisha. Kuanzia hapo muziki hautashuka simu inapoingia.

Katika kidirisha hicho hicho, ukurasa wa "Playback" huonyesha spika zote zilizopo. Akibofya spika anayoitumia na kufungua sifa zake, ataona sehemu ya nyongeza za sauti. Kwenye Windows 11 sehemu hiyo hupatikana pia ndani ya mipangilio ya sauti kwa jina la "Audio enhancements". Tarakilishi nyingi za kupakata huuzwa zikiwa na programu za kunogesha sauti zilizotiwa na mtengenezaji. Baadhi hubana sauti, na nyingine huipunguza kila besi inapokuwa nzito ili kuzilinda spika ndogo zisipasuke. Nyongeza hizo zikizimwa zote, sauti huweza kuwa nyembamba kidogo lakini hutulia. Msikilizaji anaweza kuzirudisha moja baada ya nyingine hadi aijue iliyo na hatia.

Jambo jingine la kuangalia ni idadi ya milango ambayo sauti huipitia. Upo mlango wa sauti ndani ya ukurasa wa muziki, upo wa programu husika, upo wa tarakilishi nzima, na upo wa spika au amplifaya. Mtumiaji akiandika sndvol mahali pale alipoandika amri ya kwanza, ataiona milango ya programu zote kwa pamoja. Kisakuzi huweza kuwa kimeshushwa nusu huku tarakilishi ikiwa juu kabisa, na mwenyewe asijue. Utaratibu mzuri ni kuiacha milango ya ndani ikiwa juu, na kuongoza sauti kwa mlango mmoja tu wa mwisho. Kinyume chake, yaani tarakilishi chini na amplifaya juu, huleta uvumi na huukuza kila mlio wa ujumbe.

Iwapo tatizo lilianza mara tu baada ya mfumo kusasishwa, programu inayoendesha kadi ya sauti ndiyo ya kushukiwa. Suluhisho ni kupakua toleo linalofaa kutoka tovuti ya mtengenezaji wa tarakilishi, au kurudi kwenye toleo la awali kupitia orodha ya vifaa. Tovuti zisizojulikana zinazotoa programu kama hizo bure ni za kuepukwa, kwani aghalabu hubeba virusi.

Wanaotumia visikizio au spika za Bluetooth wana la ziada. Kifaa cha Bluetooth chenye maikrofoni huwa na hali mbili: ya muziki, yenye sauti pana, na ya simu, yenye sauti nyembamba. Programu yoyote inapoifungua maikrofoni yake, kifaa hurukia hali ya simu, na muziki hubadilika ghafla kwa ukubwa na kwa ladha. Dawa ni kuchagua maikrofoni ya tarakilishi yenyewe katika mipangilio, na kufunga programu za mawasiliano wakati wa kusikiliza. Spika ikiwa mbali au ukuta ukiwa katikati, sauti hukatika-katika. Hilo huponywa kwa kuisogeza karibu.

Chumvi ya bahari, vumbi na umeme

Aina ya tatu ina uhusiano wa karibu na mazingira ya pwani. Upepo wa Bahari Hindi hubeba chumvi na unyevu, navyo hula metali. Pini ya waya wa spika hufifia na kushika kutu, na tundu la kuchomekea hujaa uchafu usioonekana. Mkondo mdogo wa umeme unaobeba muziki hauwezi kupita vyema, hivyo upande mmoja hushuka, kisha hurudi waya unapotikiswa. Palipo na malori mengi na barabara za vumbi, vumbi hufanya kazi ile ile.

Usafi ndio tiba ya kwanza. Mtambo uzimwe na kuchomolewa kwenye umeme, pini ifutwe kwa kitambaa safi kilicholoweshwa spiriti kidogo, ichomekwe na kuchomolewa mara kadhaa, kisha iachwe ikauke kabla ya kuwashwa. Maji hayafai, wala mafuta ya nazi hayafai, kwani huacha utando unaonasa vumbi zaidi. Maduka ya vifaa vya elektroniki huuza dawa maalumu ya kupuliza kwa kazi hiyo.

Sehemu ya kuzungushia sauti kwenye amplifaya nayo huchakaa. Ndani yake kuna kijia cha kaboni kinachoguswa na ulimi wa chuma. Vumbi likiingia, sauti hukwaruza na kuruka. Kuizungusha kutoka mwanzo hadi mwisho mara 20 hivi, mtambo ukiwa umezimwa, mara nyingi huisafisha kwa muda. Ikiwa kero itarudi baada ya siku chache, fundi aibadilishe sehemu hiyo peke yake badala ya amplifaya nzima.

Tundu la tarakilishi likiwa limelegea kabisa, si lazima kufungua mtambo. Kadi ndogo ya sauti inayochomekwa kwenye tundu la USB hufanya kazi ile ile, na bei yake ni ndogo ikilinganishwa na matengenezo.

Kuhusu umeme, nyumba za Kenya hupewa volti 240. Umeme unaposhuka, kwa mfano jioni wakati matumizi ni makubwa, amplifaya hafifu hukosa nguvu na sauti hunywea kila besi inapopigwa. Jaribio lake ni rahisi: tarakilishi ya kupakata ichomolewe kwenye umeme, itumie betri yake, na muziki usikilizwe kwa visikizio. Sauti ikitulia, mtambo wa nje ndio unaoathiriwa, na kifaa cha kutuliza umeme kitasaidia. Amplifaya ya arusini isichomekwe kwenye waya mmoja wa kurefusha pamoja na friji, feni na taa zote za hema, kwani mzigo huo peke yake hutosha kuiyumbisha.

Masikio na majirani

Umuhimu wa kurekebisha kero hii unazidi starehe. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, pamoja na ITU, walitangaza kiwango cha usikilizaji salama. Kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa muda usiozidi saa 40 kwa wiki. Kwa watoto ni desibeli 75 kwa muda huo. Kila desibeli 3 zinazoongezeka hupunguza muda salama kwa nusu. Kwa hesabu hiyo, desibeli 83 zinaruhusu saa 20, na desibeli 90 zinaruhusu saa nne tu kwa wiki nzima.

Msikilizaji aliyepandisha visikizio kwa ajili ya kaseti kuukuu, kisha akapigwa na wimbo wa kisasa ulio juu kwa desibeli 10, hupoteza sehemu kubwa ya akiba hiyo bila ya kujua. Chembechembe za sikio la ndani zinazopokea sauti zikifa hazioti tena. Mlio wa kinubi masikioni baada ya kusikiliza ni onyo la kusimama.

Majirani nao wana haki yao. Kanuni za mazingira za mwaka 2009 kuhusu kelele nchini Kenya ziliweka kikomo cha desibeli 50 mchana na 35 usiku nje ya nyumba katika maeneo ya makazi, usiku ukihesabiwa kuanzia saa mbili na dakika moja jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Mchezesha muziki ambaye nyimbo zake hazijasawazishwa huweza kuwa ndani ya mpaka kwa wimbo mmoja na kuuvuka kwa unaofuata, bila ya kugusa mtambo wake.

Anayejiandaa kwa shughuli afuate mpangilio ufuatao:

1. Achague nyimbo mapema na kuzipakua kwa idhini ya huduma husika, ili asitegemee mtandao ukumbini.
2. Awashe usawazishaji na azime nyongeza zote za kubana sauti.
3. Aondoe mpangilio wa kushusha muziki simu inapoingia, na afunge programu za mawasiliano pamoja na milio ya ujumbe.
4. Asafishe pini na matundu, na autenge umeme wa amplifaya na wa vifaa vingine.
5. Acheze wimbo mkubwa kuliko yote katika orodha yake, apange sauti ya amplifaya kwa wimbo huo, kisha asiiguse tena.

Hatua ya mwisho ndiyo inayosahauliwa zaidi. Wengi hupanga sauti kwa wimbo wa kwanza, ambao mara nyingi ni wa taratibu, kisha hushtuliwa na wa tano. Anayepanga kwa wimbo mkubwa huwa tayari kwa yote yatakayofuata, na hata taarabu ya zamani itasikika ikiwa imeinuliwa kwa usawazishaji, bila ya kulipiwa na masikio ya waliohudhuria.